Chakula cha Pamoja Ofisini: Anza na Yule Atakayeshindwa Kula

Kwa miaka sita sasa nimekuwa nikisimamia mlo wa mchana wa pamoja katika ofisi yetu yenye watu 22 hapa Mbeya. Rafiki zangu wanaotaka kuanzisha utaratibu kama huo makazini kwao huja kuniomba ushauri, na karibu wote huanza kwa kuuliza tunapika nini. Mimi huwauliza kwanza jambo jingine: katika ofisi yenu, nani atashindwa kula siku hiyo, na kwa sababu gani?

Nauliza hivyo kwa sababu mlo wetu wa kwanza uliniuma. Tulikubaliana kila mmoja atoe shilingi 15,000, tukaagiza wali, kuku na soda kutoka mgahawani, tukaunganisha meza na kutandika vitambaa. Nilipotoka nje kufuata maji, nilimkuta mlinzi wetu ameketi kwenye benchi lake getini, bakuli la viazi vya kuchemsha likiwa mapajani, amelipa mgongo dirisha lililokuwa likitoa vicheko vyetu. Nikamwambia, "Karibu ndani, baba." Akanijibu kwa upole, "Kuleni tu, mwanangu, mimi sikuchanga." Mama anayetufanyia usafi naye alikuwa ameaga mapema akisema kichwa kinamuuma, na kesho yake asubuhi nikamkuta anaosha sahani za chakula ambacho hakukionja.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kuwasamehe mchango watu wa kipato kidogo. Nashukuru kwamba nilimuuliza yule mama kabla ya kulitangaza, kwa maana aliniambia wazi kuwa mtu mzima aliyesamehewa hukaa mezani kama mgeni. Tukashusha mchango hadi shilingi 3,000 kwa mwezi kwa kila mtu, mkuu wa ofisi akiwemo, na mwenye uwezo zaidi huleta kitu kutoka nyumbani au shambani bila jina lake kutajwa. Katika mkoa wetu jambo hilo si gumu. Mmoja akitoka Tukuyu mwisho wa wiki hurudi na mkungu wa ndizi, mwingine ana viazi mviringo au maparachichi, na wenye ndugu Kyela hutuletea mchele ambao harufu yake hufika chumba cha mapokezi kabla sufuria haijafunuliwa. Mlinzi hawezi kuacha geti, kwa hiyo watu wawili hupokezana kulisimamia, kila mmoja nusu saa, naye huingia kukaa na wenzake.

Baada ya fedha, angalieni siku. Sisi tulianza na Ijumaa, kwa kuwa wiki inaisha na watu wana raha, tukasahau kuwa saa saba mchana wenzetu Waislamu wako msikitini, na kwamba Ijumaa za Kwaresima Wakatoliki hawali nyama. Tukahamia Alhamisi ya mwisho wa mwezi, na malalamiko yakaisha. Mwezi wa Ramadhani hatupiki mchana kabisa, bali fedha ya mwezi huo hutumika kwa futari ya pamoja jioni moja, na wasiofunga huwa wa kwanza kufika. Kitimoto hakiingii katika sufuria zetu wala hakipikwi pembeni kwa ajili ya wachache, kwa sababu Mwislamu na Msabato wasiokuwa na uhakika wa chombo kilichotumika watakula kwa wasiwasi, na mlo wa wasiwasi hauna utamu. Kwa Wasabato tumeacha pia kambale, maana wao hawali samaki asiye na magamba. Nyama ya ng'ombe huchinjwa kwa utaratibu wa Kiislamu, na anayeinunua hulazimika kuthibitisha hilo buchani.

Upishi tumemkabidhi mama lishe aliye jirani na ofisi. Sisi hununua mahitaji Sokomatola siku moja kabla, yeye hupika kwa masufuria yake makubwa na kulipwa ujira wake, kisha hukaa kula pamoja nasi. Yeye ndiye aliyenifundisha kuhesabu: kilo moja ya mchele kwa watu sita, kilo moja ya nyama kwa watu watano, na ndizi ziongezwe kidogo kwa sababu kila mtu hurudia. Maharage ndiyo yaliyowahi kutuaibisha. Mji wetu uko mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 95, na maharage ambayo Dar es Salaam yangeiva mapema hapa hukaa jikoni muda mrefu zaidi. Mwezi mmoja hayakulowekwa, tukala saa tisa na nusu, wengine wakiwa wamekwishanunua maandazi. Sasa hulowekwa tangu usiku.

Kuhusu mezani nina maombi matatu ya dhati. Msiweke meza kuu. Hotuba zisubiri hadi watu washibe, au zisiwepo. Na apakue mtu mmoja kwa upawa mmoja, akianzia upande wowote isipokuwa kwa mkubwa, kwa sababu vinginevyo minofu huishia mwanzo wa foleni na wa mwisho hubakiwa na mchuzi.

Msisahau maji ya kunawa. Juni na Julai baridi ya hapa hukaza vidole, na jagi la maji ya moto linalozungushwa na beseni lake hufungua mazungumzo kuliko utangulizi wowote. Anayemnawisha mwenzake humtazama na kumuuliza habari za nyumbani, nami nimemwona mkuu wetu akimnawisha kijana wa mazoezi ya kazi aliyekuwa hajathubutu kuzungumza naye tangu aripoti.

Hesabu zisomwe siku hiyo hiyo, kabla watu hawajainuka: kilichochangwa, kilichonunuliwa, kilichobaki. Mnunuzi hubadilika kila mwezi, naye hukabidhiwa daftari na salio papo hapo.

Mlinzi wetu alistaafu mwaka jana. Alhamisi yake ya mwisho alikuja na mkungu wa ndizi begani kutoka shambani kwake, akaukabidhi jikoni, na chakula kilipoiva akaomba apewe upawa yeye. Alitupakulia sote 22, akaanza na yule mama wa usafi.