Pampu ya Maji ya Trekta Inapokufa Kila Mara

SWALI: Bwana Mhariri, assalaam alaikum. Nasimamia shamba la mboga na miche huku Kisauni, na tegemeo letu ni trekta dogo la dizeli lenye silinda tatu, lililonunuliwa likiwa limeshatumika. Pampu ya maji ilipoanza kuvuja, fundi aliweka mpya, nayo haikumaliza msimu wa masika. Iliyofuata ilivuja vivyo hivyo, na sasa ya tatu imeanza kulia, na puli yake inacheza nikiishika kwa mkono. Fundi anasema spea za siku hizi ni bandia. Muuza spea anasema fundi hajui kufunga. Rejeta twaijaza maji ya kisima cha hapa shambani, na mkanda wa feni tumeukaza barabara usije ukateleza. Nimwamini nani kabla sijanunua pampu nyingine?
— Msimamizi wa shamba, Kisauni

JIBU: Wa alaikum salaam. Huenda kila mmoja wao ana chembe ya ukweli, lakini barua yako yenyewe imetaja mambo mawili yenye uzito kuliko lawama zao: maji ya kisima, na mkanda uliokazwa barabara. Nakuomba usinunue pampu ya nne kwa sasa. Mwulize fundi kama zile kuukuu bado zipo karakana, uziweke mezani na kuzichunguza, kwa sababu pampu iliyokufa huonyesha ni sehemu gani iliyotangulia kuharibika, na hapo ndipo chanzo hupatikana.

Ndani ya pampu kuna shafti moja. Mbele yake hukaa puli, na katika matrekta mengi madogo feni nayo hufungwa hapo hapo; nyuma yake kuna kipangaboi kinachosukuma maji. Katikati kuna beringi, inayoishikilia shafti ikizunguka, na sili, inayozuia maji yasivuje. Sili hiyo kwa kawaida ni pete mbili laini mno, moja ya kaboni na nyingine ya kauri, zinazosuguana huku utando mwembamba wa maji ukizilainisha na kuzipoza. Baina ya sili na beringi pana tundu dogo linaloelekea chini, lililowekwa makusudi ili maji yanayopenya sili yatoke nje badala ya kuingia kwenye beringi. Tundu hilo lisizibwe kamwe, wala kwa gundi ya chuma wala kwa skrubu, kwa maana ukiliziba umeyaelekeza maji kwenye beringi yenyewe.

Basi ukikuta beringi imelegea au inakwaruza, ilhali tundu ni kavu na halina alama za maji, shaka iende kwenye mzigo unaotoka nje, yaani mkanda, puli au feni. Ukikuta pete za sili zina mikwaruzo, na pembeni mwa tundu pameganda ukoko mweupe au wa rangi ya kutu, shaka iende kwenye maji. Kipangaboi kilicholiwa na kujaa vishimo huonyesha ama kutu ama mapovu yanayopasuka juu yake, na kilichokwaruza nyumba yake huonyesha kwamba beringi imelegea au pampu iliyofungwa si ya injini hiyo.

Nianze na maji, maana ndiyo ninayoyashuku zaidi katika mashamba yetu ya pwani. Sehemu kubwa ya Mombasa imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya kisima yanapopita humo huyeyusha chokaa. Kisima kikiwa karibu na bahari au mkono wake, maji ya chumvi nayo hupenyeza. Yakipata moto, chokaa huganda kwenye kuta za silinda, ndani ya mirija ya rejeta na kwenye nyuso za sili, ikawa kama msasa uliowekwa baina ya pete mbili zinazozunguka bila kupumzika. Chumvi hula aluminiamu, na nyumba za pampu nyingi ni za aluminiamu. Wengi huku hudhani kulanti, yaani dawa ya majimaji ya kupozea injini, ni ya nchi za baridi kwa sababu maji yetu hayagandi. Nasikitika kila ninaposikia hivyo, kwa maana dawa za kuzuia kutu zilizomo ndani yake ndizo zinazoilinda pampu, na kuganda hakuhusiki hata kidogo. Mwaga maji yote, pamoja na yale ya kwenye bloku, yaani mwili wa injini. Safisha mfumo kwa dawa ya rejeta kwa kufuata maelezo ya chupa. Suuza mpaka maji yatoke meupe. Kisha tia kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyokenekwa, yaani yaliyosafishwa yasibaki na chumvi wala chokaa. Kazi hiyo yote ifanywe injini ikiwa imepoa.

Mkanda nao una kipimo chake. Ubonyeze kwa dole gumba katikati ya puli mbili zilizoachana zaidi, kwa nguvu ya kama kilo 10: katika injini nyingi za aina hii unatakiwa ushuke milimita 7 hadi 10 hivi, ingawa kitabu cha trekta lako ndicho chenye neno la mwisho. Mkanda usioshuka kabisa huivuta shafti upande mmoja kila dakika injini inapofanya kazi, na hakuna beringi itakayostahimili hilo muda mrefu. Ukiwa unateleza hata baada ya kukazwa kwa kipimo, basi umechakaa, una mafuta, au puli hazikai kwenye mstari mmoja. Weka rula ndefu kwenye nyuso zake utaona. Kisha zima injini, chomoa ufunguo, simamisha kipande cha waya karibu na ncha ya panga la feni na uizungushe kwa mkono. Kila panga lipite kwa umbali ule ule. Feni iliyopinda au kumeguka, hata kidogo, huitikisa shafti mpaka beringi ife.

Kuna chanzo kingine ambacho hujificha, nacho ni gasketi ya kichwa cha silinda iliyotoboka, ile inayoziba kati ya kichwa na bloku. Injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta, washa, uongeze mwendo kidogo kidogo. Mapovu yakiendelea kutoka bila kukoma, moshi wa silinda unaingia kwenye maji, unayasukuma nje, na sili inabaki ikisuguana kavu. Ikiwa hivyo, pampu mpya kabisa ya kiwandani nayo itakufa. Kifuniko chenyewe pia kikaguliwe, kwani kikishikilia shinikizo la bar 0.9 hivi, maji matupu hayachemki mpaka yafike karibu nyuzi 118. Mpira wake ukilegea, yatachemka mapema na mapovu yataanza kukila kipangaboi.

Yote hayo yakishanyooka, ndipo ununue pampu. Ilinganishe na ya zamani pale pale dukani: urefu wa shafti, kina cha kipangaboi, matundu ya bolti. Fundi asiigonge kwa nyundo wala asijaze silikoni, bali akwangue uso wa gasketi ya zamani mpaka uwe safi, na akaze bolti kwa zamu. Kulanti itiwe polepole ili hewa itoke.

SWALI: Pampu ya trekta langu inadondosha matone machache tu. Je, naweza kumaliza kulima kwanza?
— Mkulima, Likoni

JIBU: Pampu ikiwa mpya, matone machache ya mwanzo yanaweza kukoma sili ikishakaa mahali pake, hivyo iangalie kwa karibu huku ukiongeza kulanti. Ikiwa ni ya zamani, au matone yanaongezeka, sili imekwisha na maji yatafika kwenye beringi wakati wowote. Puli ikicheza mkononi hata kidogo, usiiwashe tena hata kwa mstari mmoja wa shamba: shafti ikikatika, feni hurukia rejeta na kuipasua, na injini iliyoachwa bila maji huweza kupinda kichwa cha silinda kabla hujawahi kuizima.