Re: Levi Strauss alianza lini kutengeneza jinzi, 1853 au 1873?

Habari ndugu. Umekwama kwenye miaka: ukurasa mmoja unasema alishona suruali za turubai kwa wachimba dhahabu 1853, mwingine unasema 1873. Chukua 1873. Nami niliwahi kuandika ile ya turubai, nikaumbuliwa.

Anza na hataza (hati ya serikali inayolinda haki ya mvumbuzi), usianze na hadithi. Hataza namba 139,121 ilitolewa Marekani tarehe 20 Mei 1873, na mvumbuzi aliyetajwa ni Jacob Davis, fundi cherehani Myahudi wa Reno, Nevada. Yeye ndiye aliyepigilia ribiti (vifungo vidogo vya chuma) za shaba kwenye pembe za mifuko ili isichanike. Vitambaa alikuwa akinunua kwa Strauss, na kwa kuwa hakuwa na pesa za kulipia hataza, akamwandikia barua 1872 washirikiane. Mwaka 1853 Strauss, mzaliwa wa Buttenheim, Bavaria, ndiyo kwanza kafika San Francisco kuuza bidhaa kwa jumla. Alikuwa mfanyabiashara, si fundi! Kumbukumbu nyingi za kampuni ziliteketea kwa moto baada ya tetemeko la 1906, ndiyo maana porojo zimejaa.

Kuhusu ukarimu wake, usikose hili: 1897 alifadhili masomo ya wanafunzi 28 Chuo Kikuu cha California. Alifariki 1902 bila kuoa. Biashara wakarithi wapwa zake, na wosia wake ukaachia fedha vituo vya yatima vya Wayahudi, Wakatoliki na Waprotestanti.