Mjukuu wa Ben Kiwanuka na kile kipande cha video

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mzee wangu alisoma Uganda miaka ya sitini, na mpaka leo akisikia jina la Ben Kiwanuka huacha anachokifanya. Huwa anatuambia mjukuu wa Kiwanuka alicheza futiboli ya Marekani, ile ya kofia ngumu, akatwaa ubingwa mara mbili. Juzi nikamtafutia video kwenye simu. Ya kwanza kutokea inamwonyesha amemkumbatia mpinzani, halafu anamwachia mwenyewe, yule anachomoka na mpira. Chini yake watu wamejaza vicheko. Mzee alinirudishia simu bila kusema neno. Tusaidie: huyu alikuwa mchezaji kweli, au tunajidanganya? Na nafasi aliyocheza kazi yake hasa ni ipi?
— Msomaji, Bukoba

JIBU: Marahaba. Mwambie mzee hamjidanganyi hata kidogo, na hicho kipande nitakieleza, maana kimemdhulumu mtu.

Mathias Kiwanuka alizaliwa Indianapolis mwaka 1983. Babu yake, Benedicto, ndiye Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda, baadaye Jaji Mkuu, yule aliyechukuliwa na watu wa Idi Amin pale Mahakama Kuu Kampala Septemba 1972 na asirudi tena. Hayo mzee wako anayajua kuliko mimi. Nije uwanjani.

Timu inayolinda kwa kawaida huweka watu wanne mstari wa mbele, wakitazamana na ukuta wa watu watano wa timu yenye mpira. Nyuma ya ukuta huo yupo kwotabeki, mwenye kuamua mpira urushwe au akabidhiwe mkimbiaji. Walinzi wawili wa katikati ni mapandikizi ya watu, kazi yao kubwa kuziba njia. Wale wawili wa pembeni, na Kiwanuka alikuwa wa huko, wanadaiwa vyote: nguvu ya kumzuia mkimbiaji asipite ubavuni mwao, na mbio za kumfikia kwotabeki kabla hajarusha. Kiwanuka alikuwa na urefu wa karibu mita 1.96 na uzito wa kilo 120 hivi. Jaribu kumpata mtu wa umbo hilo anayeweza kukata kona.

Nimefundisha riadha shuleni karibu maisha yangu yote, kwa hiyo macho yangu hukimbilia pale pa kuanzia. Anainama, vidole vya mkono mmoja vimegusa nyasi, kiuno kiko juu, kama mkimbiaji wa mita 100 kwenye mstari. Tofauti ni kwamba hasubiri mlio. Anautazama mpira, na ukitikisika tu ameshaondoka, akitangulia, anaadhibiwa. Hatua ya pili anakutana na mtu mzito kuliko yeye aliyelipwa amzuie. Hapo ni vita ya mikono: atakayetangulia kuingiza viganja kifuani mwa mwenzake ndiye atakayeamua mwingine aelekee wapi. Akimpita, analalia bega la ndani, anazunguka chini chini kumwendea kwotabeki, ambaye mara nyingi hakai na mpira zaidi ya sekunde tatu. Mara nyingi hamfiki. Lakini akimlazimisha kurusha haraka, vibaya, pasipo na mtu, kazi ameifanya, na ubao wa matokeo hausemi chochote.

Alipokuwa Boston College aliwaangusha makwotabeki mara 37.5, rekodi ya chuo hicho. (Hiyo nusu msishangae: wawili wakimwangusha mtu pamoja, kila mmoja huandikiwa nusu.) Mwaka 2006 New York Giants, klabu ya NFL, ligi kuu ya mchezo huo, wakamchagua katika duru ya kwanza ya kugawana wachezaji wapya kutoka vyuoni, wa 32. Aliwakuta Michael Strahan, Osi Umenyiora na Justin Tuck, wote wa nafasi yake hiyo ya pembeni. Kijana mgeni kupata dakika za kucheza mbele ya hao watatu si jambo dogo.

Sasa ile video. Ni Novemba 26, 2006, Nashville, dhidi ya Tennessee Titans. Giants walikuwa wakiongoza 21 kwa 0 hadi robo ya mwisho, Titans wakarudi hadi 21 kwa 14. Dakika zimebaki chache. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, kama mita 9, na Titans walikuwa kwenye la nne wakizihitaji zote 10. Kiwanuka akamfikia Vince Young, kwotabeki wao, akamkumbatia. Alichobakiza ni kumlaza chini. Lakini kumwangusha kwotabeki ambaye mpira umeshamtoka ni kosa: wapinzani wanapewa yadi 15 na majaribio mapya manne. Yeye aliamini mpira umeshaondoka. Akafungua mikono. Mpira ulikuwa bado kwa Young, akakimbia yadi 19. Titans wakasawazisha, Giants wakapoteza mpira, na mkwaju wa mwisho ukawapa Titans ushindi, 24 kwa 21.

Alikuwa katika msimu wake wa kwanza. Alikuwa na nukta ya sekunde kuamua jambo ambalo sisi tunalitazama kwa kurudisha nyuma mara kumi. Na walioipoteza ile robo ya mwisho ni timu nzima, si mikono ya mtu mmoja. Wanaocheka hapo chini sidhani kama wamewahi kukimbizana na yeyote.

Kilichofuata ndicho ningependa mzee akisikie. Mwaka 2007 klabu ikamhamisha: atoke mstari wa mbele, arudi nyuma hatua chache acheze lainibeka, ambako ataanza kwa kusimama, asome mchezo, na pengine akimbie na wapokeaji. Kwa mtu aliyejenga jina kwa kuwaangusha makwotabeki, ni kama kuanza ukurasa mpya, na hesabu zake binafsi lazima zipungue. Akakubali. Novemba akavunjika mguu. Februari 2008, Giants walipoifunga New England Patriots 17 kwa 14 kwenye fainali ya ubingwa, Patriots ambao hawakuwa wamepoteza hata mchezo mmoja msimu huo, yeye hakuweza kucheza. Mwaka huohuo Strahan akastaafu na Umenyiora akaumia goti, basi Kiwanuka akaitwa tena mstari wa mbele. Mwaka 2010 alianza kwa moto: michezo mitatu, makwotabeki chini mara nne. Halafu diski ya shingo ikamsimamisha msimu wote uliobaki. Kwa kazi ya kugongana vichwa, shingo ndiyo jeraha linalowastaafisha watu.

Alirudi. Februari 5, 2012 Giants walikutana na Patriots tena kwenye fainali, safari hii ikichezwa Indianapolis, mji aliozaliwa. Walishinda 21 kwa 17, na siku hiyo alikuwa uwanjani. Aliendelea na Giants hadi msimu wa 2014, miaka yote tisa klabu moja. Watu wa nafasi yake wengi hawafiki hata nusu ya hapo.

Kwa hiyo mtafutie mzee video za Giants za msimu wa 2008. Mtazameni namba 94.

SWALI: Mwalimu, mbali na hao wenye asili ya huku waliozaliwa Marekani, kuna Mkenya aliyetoka nyumbani akafika ligi hiyo?
— Msomaji, Nakuru

JIBU: Yupo, Daniel Adongo. Alikuwa mchezaji wa raga, hajawahi kucheza futiboli ya Marekani hata siku moja, Indianapolis Colts wakamsajili mwaka 2013. Desemba mwaka huo akaingia uwanjani, Mkenya wa kwanza kufanya hivyo kwenye NFL. Alicheza michezo michache tu, zaidi katika vikosi vya mikwaju.