Kabla hujayatoa mapafu

Wadogo zangu mnaoanza zamu kwenye meza ya uchunguzi wa maiti, naanza na aibu yangu mwenyewe. Mwili wa kwanza wa korona niliopasua, niliutoa moyo na mapafu kwa mkupuo mmoja, haraka haraka, maana barakoa ilinibana na miwani ilishajaa ukungu. Nilipoyalaza mapafu kwenye sinia, kitu cheusi kama mnyoo kikateleza, kikaangukia kwenye sinki, na bomba lilikuwa wazi. Mkuu wangu akauliza, "Hilo donge limetoka wapi?" Sikuwa na jibu. Huenda nilikuwa nimeimwaga sababu yenyewe ya kifo, na ripoti ikabidi iandikwe kwa maneno ya kujihami.

Kwa hiyo ateri ya mapafu, mshipa unaopeleka damu mapafuni, ifungue yakiwa bado kifuani. Angalia, piga picha, ndipo ukate. Donge lililoganda mtu akiwa hai huwa kavu, linamomonyoka, limeng'ang'ania ukuta wa mshipa, na ukilikata unaona mistari myeupe na myekundu ikipishana, ile tunayoiita mistari ya Zahn. Damu iliyoganda baada ya kifo inang'aa, inateleza, inavutika kama jeli, na mara nyingi sehemu yake moja ina rangi ya mafuta ya kuku. Shika yote mawili siku moja, hutayachanganya tena.

Kisha shuka miguuni. Najua mtakuwa mmechoka, na karatasi ya wodini itakuwa imeandika "shida ya kupumua", kwa hiyo mguu utaonekana hauhusiki. Pima mzunguko wa vigimbi vyote viwili kwa tepu, fungua mshipa wa nyuma ya goti, kamua kigimbi kuelekea juu uone kinachotoka. Mwaka 2020 huko Ujerumani, taasisi ya taifa ya afya ya jamii ilianza kwa kushauri maiti za korona zisipasuliwe kadiri inavyowezekana, kwa kuhofia maambukizi. Jiji la Hamburg likaamua kinyume chake: zichunguzwe. Katika miili 12 ya kwanza, 7 ilikuwa na madonge kwenye vena za ndani za miguu, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, na hakuna daktari aliyekuwa ameyashuku wagonjwa wakiwa hai. Kwa watu 4 donge lilikuwa limepanda mapafuni na kuwaua moja kwa moja. Ugonjwa wa kifua, jibu lake likakutwa mguuni. Matokeo ya namna hiyo yaliipa nguvu hoja ya kuwapa wagonjwa waliolazwa dawa za kuzuia damu kuganda.

Mapafu yenyewe yapime kila upande peke yake. Ya korona ni mazito, ukiyabonyeza hayarudi kama sifongo, na kisu kinapita kama kinakata ini. Ila uzito usikulevye. Kuna watafiti waliolinganisha mapafu ya watu 7 waliokufa kwa korona na ya watu 7 waliokufa kwa mafua ya H1N1. Ya mafua ndiyo yaliyokuwa mazito zaidi: wastani wa gramu 2,404 kwa 1,681, huku yasiyo na maambukizi yakiwa na 1,045. Tofauti ilikuwa kwenye hadubini, ambako vidonge vya damu ndani ya kapilari, vile vishipa vidogo kabisa, vilikuwa mara 9 zaidi kwa wagonjwa wa korona. Ule utando wa waridi unaotanda ndani ya vifuko vya hewa, utando wa hayalini, ulikuwepo kwa wa korona na wa mafua pia. Utaukuta hata kwa aliyekufa kwa bakteria waliosambaa kwenye damu, asiyewahi kuugua korona. Na mgonjwa aliyekaa wiki kadhaa kwenye mashine ya kupumulia atakuonyesha makovu na usaha wa nimonia ya bakteria juu ya yote hayo.

Kinachoniudhi zaidi ni kumtwika kirusi kila kitu. Moyo, kwa mfano. Zilivumishwa sana habari za korona kuuchoma misuli yake, lakini wataalamu walipokusanya taarifa za mioyo 277 iliyochunguzwa, uvimbe halisi wa misuli ya moyo haukufika asilimia 2. Figo ni mtego mwingine. Mirija yake huumia kweli kwa wagonjwa mahututi, ila ndiyo pia huoza mapema mno, na mwili uliochelewa kuingia kwenye friji utakupa slaidi inayofanana na maradhi. Andika saa ya kifo na saa uliyopasua. Hata wakubwa waliteleza: zilichapishwa picha za hadubini ya elektroni zikidaiwa ni kirusi ndani ya figo, kumbe ni vijifuko vya kawaida vya seli vyenye manyoya yake.

Mwaka 2022 kundi la watafiti wa Marekani lilieleza maiti 44. Chembe za urithi za kirusi zilipatikana karibu mwili mzima, hadi kwenye ubongo, na kwa mmoja siku 230 tangu dalili zianze. Nje ya mapafu, hata hivyo, uharibifu uliotokana nazo ulikuwa mdogo. Kwa hiyo kipimo kikisema "kimo", wewe bado hujasema kimefanya nini.

Sampuli kata nyembamba, fomalini ya kuzihifadhi iwe nyingi, na usizitoe humo kesho yake kwa sababu daktari wa wodini anapiga simu.

Halafu cheti cha kifo. Mstari wa juu ni kilichomuua dakika za mwisho, wa chini kabisa ni kilichoanzisha msururu. Yule wangu wa kwanza, laiti ningefungua ateri kwanza, pengine ningeandika: donge la damu mapafuni, chini yake, damu kuganda kwenye vena za mguu, chini yake, korona. Niliandika nimonia peke yake.