Siku Mbili Beaufort, Mji wa Kusini Unaokwenda na Maji

Mara ya kwanza nilipokwenda kupumzika katika pwani ya South Carolina, nilirudi nyumbani Atlanta nimechoka kuliko nilivyoondoka. Nilikuwa nimejipangia kuiona Savannah Ijumaa jioni, Hilton Head Jumamosi asubuhi, Beaufort mchana wake na Charleston Jumapili, na katika ratiba hiyo Beaufort ilipata saa mbili tu za kula na kupiga picha. Saa hizo mbili, nilizozipitisha kwenye bembea ya mbao inayotazama mto, ndizo pekee ninazozikumbuka vizuri katika safari nzima. Kwa hiyo katikati ya Novemba 2024 nilirudi pamoja na mume wangu na mama mkwe wangu, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga, tukalala Beaufort siku mbili bila kutia mguu katika mji mwingine. Ninayoyaeleza hapa yanatokana na safari hiyo ya pili, nami nawaandikia hasa wenzangu wanaoishi Marekani, au wanaokuja kuwatembelea ndugu zao huku, ambao wangependa kupumzika mwisho wa juma bila kuumaliza muda wao barabarani.

Jina la mji huu hutamkwa takriban "Byufati". Jambo hilo si dogo, kwa kuwa katika jimbo jirani la North Carolina kuna mji mwingine wa pwani unaoandikwa vilevile lakini hutamkwa "Bofoti", na msafiri asiyeangalia jina la jimbo kwenye ramani ya simu anaweza kujikuta katika njia nyingine kabisa. Beaufort ya South Carolina ilianzishwa mwaka 1711, na kwa umri inatanguliwa na Charleston peke yake katika jimbo lake. Wakazi wake hawafiki 20,000. Kutoka Savannah ni mwendo wa saa moja hivi kwa gari, kutoka Charleston saa moja na nusu, na kutoka Atlanta sisi tulitumia karibu saa tano pamoja na kusimama kula. Treni haifiki mjini. Kituo cha karibu ni Yemassee, kama kilomita 40, na ukishukia hapo ni lazima uwe na mtu wa kukupokea.

Kabla hujalipia chumba, angalia kalenda ya Parris Island, kambi ya mafunzo ya askari wa Marine iliyo jirani na mji. Kuruta wanapohitimu, kwa kawaida siku ya Ijumaa, familia zao huja kutoka majimbo mengi kuwashangilia, vyumba hujaa na bei hupanda. Chagua mwisho wa juma usio na mahafali, kisha tafuta nyumba ya wageni ndani ya mtaa wa zamani, hata ikiwa ghali kidogo kuliko hoteli za barabara kuu, kwa sababu faida ya mji mdogo ni kuliacha gari na kwenda kwa miguu. Miezi ya Julai na Agosti simshauri mtu, kwa kuwa joto lake lina unyevu mzito, na Septemba ni kilele cha msimu wa vimbunga. Machi hadi Mei, na Oktoba hadi Novemba, hali ni nzuri, ila visubi hung'ata asubuhi na jioni upepo unapotulia, hivyo beba dawa ya kujipaka na nguo za mikono mirefu.

Jambo la kwanza ambalo ningependa mgeni alitie akilini ni kwamba Beaufort inaishi kwa kupwa na kujaa kwa maji. Tofauti kati ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa huzidi mita 2, na kwa kuwa ardhi ni tambarare, maji yanapotoka huacha wazi eneo kubwa la tope jeusi, nyasi za maji ya chumvi na mafungu ya chaza. Wageni wengi huikunjia pua harufu ya tope hilo. Tulifika Ijumaa yapata saa nane mchana, na mama, ambaye amezaliwa katika nyumba ya wavuvi, alishuka garini, akavuta pumzi, akasema, "Mwanangu, hapa maji yametoka." Asubuhi ya pili, alipouona mto umejaa mpaka karibu na ukingo, alituambia kuwa hilo ni bamvua, na kweli mwezi ulikuwa mpevu usiku wa kuamkia siku hiyo. Tangu hapo tuliacha kupanga siku kwa saa, tukapanga kwa maji. Maji yalipojaa tulikaa kwenye bembea za bustani ya Henry C. Chambers kuwatazama pomboo na kulitazama daraja la Woods likigeuka kuipisha mashua. Yalipopwa tulikwenda ufukweni, ambako mchanga huwa mpana wakati huo. Chukua jedwali la maji la siku zako kabla hujaondoka nyumbani. Hakuna kitu kilichotupumzisha kama hicho, kwa kuwa maji hayaharakishwi na mtu.

Sasa niseme kuhusu majumba. Nyumba kubwa za mbao zenye baraza za ghorofa mbili, na mialoni mipana inayoning'iniza mimea ya kijivu mfano wa ndevu, ndizo zinazoonekana katika kila picha ya mji huu, nazo ni nzuri kweli. Lakini zilijengwa kwa fedha ya pamba ya nyuzi ndefu iliyolimwa visiwani na watu waliotumikishwa utumwani, na mtu anayezitazama bila kulijua hilo anatazama ukuta tu. Zimesalia kwa sababu tarehe 7 Novemba 1861, katika mwaka wa kwanza wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, manowari za Muungano, yaani upande wa Kaskazini uliopigana na majimbo ya Kusini yaliyojitenga, ziliyashinda maboma ya Port Royal, wenye mashamba wakakimbia, na mji ukatwaliwa bila kuchomwa, nyumba nyingi zikageuzwa hospitali za jeshi. Visiwani waliachwa watu wapatao 10,000 waliokuwa watumwa, ambao walianza kulipwa ujira, kusoma na kununua ardhi wakati vita vingali vikipiganwa mahali pengine.

Kwa sababu hiyo nashauri uanzie katika kituo cha wageni cha hifadhi ya taifa inayohusu kipindi kilichofuata vita hivyo, ambacho kimo katika jengo la zamani la zimamoto katika mtaa wa Craven. Hifadhi hiyo ilitangazwa na Rais Obama Januari 2017, na kuingia ni bure, ila hakifunguliwi kila siku, hivyo hakikisha mapema. Ukitoka hapo, tembea hadi nyumba namba 511 ya mtaa wa Prince. Nyuma ya nyumba hiyo alizaliwa Robert Smalls mwaka 1839, akiwa mtumwa. Alfajiri ya tarehe 13 Mei 1862, akiwa na umri wa miaka 23, aliiteka meli ya Planter katika bandari ya Charleston akiwa na mkewe, watoto wake na watumwa wenzake, akazipita ngome za adui kwa kupiga honi za ishara kama ilivyotakiwa, akaikabidhi kwa jeshi la Muungano. Baadaye aliinunua nyumba ileile ya bwana wake, akaishi humo, na akachaguliwa kuwa mbunge katika Bunge la Marekani. Nyumba hiyo itazame kutoka barabarani tu. Kaburi lake liko kwenye uwanja wa kanisa la Tabernacle Baptist, na hapo hapo, tangu Juni 2024, imesimama sanamu ya Harriet Tubman, aliyeongoza njia ya askari weusi katika mto Combahee mwezi Juni 1863, usiku ambao zaidi ya watu 700 waliokolewa kutoka utumwani.

Wageni wengi huishia hapo, nami naona wanakosa nusu iliyo bora. Vuka daraja, pita Lady's Island, ufike kisiwa cha St. Helena. Huko wanaishi Wagullah, wajukuu wa watu hao hao walioachwa mwaka 1861, wengi wao wakiwa bado juu ya ardhi iliyonunuliwa na mababu zao. Tangu 1999 kisiwa kina sheria inayozuia viwanja vya gofu na makazi ya kifahari yaliyozungushiwa uzio, na ndiyo maana ukivuka unaona mashamba ya nyanya, bustani za mboga na nyumba za kawaida za familia, si mageti. Katikati yake iko Penn Center, iliyoanza mwaka 1862 kama shule ya watu walioachwa huru, na ambako Martin Luther King alikuja mara kadhaa katika miaka ya 1960 kupumzika na kupanga kazi na wenzake. Fikiria mtu aliyekuwa akitishwa kila mahali akipata kisiwa hiki kidogo cha kulala kwa amani. Mbele ya barabara liko Brick Baptist, kanisa la matofali lililojengwa na watumwa mwaka 1855.

Katika duka moja la kisiwani mama alisimama mbele ya chombo kipana cha nyasi zilizosokotwa na kushonwa mzunguko juu ya mzunguko. Hakuuliza. Alikishika kwa mikono miwili, akakirusha juu kidogo na kukipokea, kama anapeta. Bibi mwenye duka, ambaye kwa umri angeweza kuwa dada yake mkubwa, alicheka kwa furaha, akakichukua na kupeta vilevile. Hawakuwa na lugha ya pamoja hata neno moja, lakini kila mmoja alilijua ungo. Sitaki kumpotosha msomaji: maarifa haya ya mpunga na nyasi yalivuka bahari kutoka Afrika Magharibi, si kutoka kwetu. Hata hivyo nilikuwa nimeishi Marekani miaka tisa, na sikuwahi kumwona mama wa pwani yetu akijisikia nyumbani haraka namna ile. Ukinunua, usipatane bei kama uko sokoni. Kusokota chombo kimoja huchukua siku nyingi, nyasi zenyewe zinazidi kuwa adimu, na mshonaji anajua thamani ya kazi yake. Msalimie kwanza, kwa heshima anayostahili mtu mzima; Kusini salamu hutangulia kila shughuli, na asiyesalimia huonekana hakulelewa.

Si mbali na Penn Center yako magofu ya kanisa dogo lililojengwa mnamo 1740, ambayo kwa mtu wa Bagamoyo, Lamu au Unguja yatakuwa na sura anayoifahamu. Kuta zake ni za chokaa iliyochomwa kutokana na makombe ya chaza, ikachanganywa na mchanga, maji na makombe mazima, kama wazee wetu walivyochoma matumbawe. Moto wa msitu uliliteketeza mwaka 1886, lakini kuta zimesimama.

Kuhusu chakula nina maneno ya tahadhari, hasa kwa Waislamu. Chakula maarufu hapa ni kamba juu ya grits, yaani chenga za mahindi zilizopikwa mpaka zikawa laini kuliko ugali, na kipo kile cha Frogmore, kijiji cha kisiwani humo, ambamo kamba, mahindi mabichi, viazi na soseji huchemshwa pamoja katika sufuria moja kubwa. Vyote ni vitamu, lakini mara nyingi huwa na nyama ya nguruwe: soseji yenyewe, au vipande vilivyokaangwa na kuwekwa ndani ya mchuzi bila kutajwa kwenye orodha. Hata sukuma wiki, ambayo huku ni mboga ya kila meza, kwa kawaida hupikwa na mfupa wa nguruwe, na wali mwekundu vivyo hivyo. Uliza kabla ya kuagiza, na uliza tena chakula kinapoletwa. Katika mkahawa mmoja wa kando ya mto tulihakikishiwa kwamba mboga ilikuwa safi, kisha mume wangu akaona kipande cha nyama chini ya bakuli. Waliomba radhi na kubadilisha, lakini mama hakula tena usiku huo. Siku ya pili tulinunua kamba wabichi kwa wavuvi, tukapika wenyewe katika jiko la nyumba ya wageni, na kilikuwa chakula bora kuliko vyote tulivyokula safarini. Tafuta malazi yenye jiko.

Alasiri ya Jumamosi, maji yalipopwa, tulikwenda Hunting Island, kama kilomita 25 kutoka mjini. Kuna kiingilio kidogo cha hifadhi ya jimbo. Bahari inakila kisiwa hicho kila mwaka, na miti iliyokufa imelala mchangani kwa mamia, imekauka na kuwa myeupe. Mnara wake wa taa ulijengwa mwaka 1875 kwa vipande vya chuma vinavyoweza kufunguliwa, na mwaka 1889 ulihamishiwa ndani zaidi kwa sababu ya mmomonyoko huo. Mara nyingi hufungwa kwa matengenezo, hivyo usiahidi watoto kwamba mtapanda. Saa mbili zilitutosha.

Jumapili maduka mengi hufunguliwa kwa kuchelewa, na sidhani kuna sababu ya kuijaza siku hiyo. Tulikaa kwenye bembea mpaka maji yalipoanza kutoka, mama akiwa amejifunika khanga mbili kwa baridi. Njiani kurudi, kabla hujafika barabara kuu, utaona vibanda vinavyouza karanga za kuchemsha. Wazee wa huku huziita "goober", neno linalotokana na "nguba" la Kikongo, ambalo msomaji kutoka Kongo halihitaji kufafanuliwa. Lorenzo Dow Turner, mwanaisimu Mmarekani mweusi, alichapisha mwaka 1949 maneno ya namna hiyo kwa maelfu kutoka katika usemi wa Wagullah. Simama hata kama una haraka. Omba zilizotoka jikoni sasa hivi, na uchukue mfuko mkubwa, kwa kuwa kufika Atlanta ni mbali.