Nta ya Kwanza ya Mshumaa wa Glasi: Usianze Nilikoanzia Mimi

Mshumaa wangu wa kwanza wa kwenye glasi uliwaka saa moja na nusu, kisha ukazama. Utambi ulichimba shimo katikati, moto ukawa mdogo kama wa njiti ya kiberiti, na nta ya pembeni ikabaki imesimama wima kama ukuta wa kisima. Nilikuwa nimetumia nta ya nyuki tupu, kwa sababu tu jina lake lilinipa moyo: ni ya asili, ni safi, inanukia asali. Sikujua kwamba huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, kiwango cha juu kuliko nta nyingi za mishumaa ya kwenye vyombo kama glasi, na kwamba ule utambi mwembamba niliouweka usingeiweza. Manukato niliyotia nayo hayakusikika. Nta ya nyuki ni nzuri mno, ila mpe anayetengeneza mishumaa kwa kuchovya utambi kwenye nta, au anayetumia kalibu, yaani chombo cha kuumbia mshumaa.

Nikahamia kwenye parafini, nta itokanayo na mafuta ya petroli, nikakosea tena kwa namna nyingine. Nilinunua parafini ya mishumaa ya kusimama yenyewe bila kusoma maelezo yake. Ilipopoa ikanywea, ikaachana na glasi, na kando ya utambi pakatokea tundu la kuingia kidole. Nta haikuwa mbovu. Nta ya aina hiyo hutakiwa inywee ili mshumaa utoke kwenye kalibu kwa urahisi. Ya kwenye vyombo huwa laini zaidi na hushikamana na kuta. Kwa hiyo kabla ya kuuliza nta imetoka kwenye mmea, mdudu au mafuta ya petroli, uliza imetengenezwa kwa kazi gani. Laiti ningeuliza hilo mapema, ningeokoa glasi kumi na moja.

Leo mtu anayeanza namwambia achukue nta ya soya iliyoandikwa kuwa ni ya vyombo. Ni mafuta ya maharage ya soya yaliyotiwa haidrojeni mpaka yakaganda. Ilianza kutengenezwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990. Aina nyingi za vyombo huyeyuka kati ya nyuzi 46 na 55 hivi, hunywea kidogo tu, na ukimwaga mezani inatoka kwa maji ya moto na sabuni. Hilo la mwisho si dogo. Nta ya nyuki ilinigharimu sufuria.

Soya ina vituko vyake. Hufanya utando mweupe kama ukungu, hasa kwenye mshumaa wenye rangi. Ni chembe za mafuta zinazojipanga upya, hazina madhara. Uso wake huweza kuwa na mabonde ukishawashwa mara moja. Halafu inataka subira: mshumaa wenye manukato uache wiki moja hadi mbili kabla ya kuuwasha, la sivyo utadhani umeibiwa kwenye manukato. Kama huna subira hiyo, chukua mchanganyiko wa soya na parafini. Parafini hutoa harufu mapema na kwa nguvu, na sioni sababu ya kuiogopa kwa ajili ya masizi. Nta yoyote hutoa masizi utambi ukiachwa mrefu. Ukate ubaki milimita 5 au 6 kila kabla ya kuwasha.

Nta ya nazi ni laini sana, ndiyo maana huuzwa ikiwa imechanganywa. Ya mawese hutoa maua mazuri ya fuwele, lakini kwa anayeanza inasumbua.

Sasa, ukishachagua, usinunue aina tatu "za kujaribu". Nunua moja, kilo mbili. Chukua glasi tatu zinazofanana, weka tambi za aina moja zenye unene tofauti, mimina nta bila manukato wala rangi, kisha washa zote siku moja. Glasi ya upana wa sentimita 7 inapaswa kuwa na nta iliyoyeyuka mpaka ukutani ndani ya saa tatu hivi. Ikifika mapema mno na moto unarukaruka, utambi ni mnene. Isipofika, ni mwembamba. Ukiongeza manukato baadaye, jaribu upya, maana nayo hubadilisha uwakaji. Anza na asilimia 6 ya uzito: gramu 30 kwa nta gramu 500. Tumia mizani, si kijiko.

Yeyusha kwenye chombo kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji, kamwe si juu ya moto moja kwa moja, na usiondoke jikoni. Nta ikishika moto funika kwa mfuniko, zima jiko, na usimwagie maji.

Ile nta yangu ya nyuki niliikwangua yote kutoka kwenye glasi. Sasa naipaka kwenye droo za kabati zinazokwama, na huko haijaniangusha hata siku moja.