Kushirikisha wakazi kupanga njia za miguu na baiskeli: tembeeni nao

Mkuu, umesema mliitisha mkutano kuhusu njia salama za miguu na baiskeli, wakaja wachache, na walioongea sana ni wenye magari. Nimekaa kwenye kamati za namna hii miaka mingi. Ushauri wangu: msiwasubiri watu ukumbini, tembeeni nao.

Ramani ya ukutani inamfaa mhandisi. Mzee anayevuka kwa mkongojo ataieleza barabara akiwa amesimama hapo hapo inapomsumbua. Chukueni kikundi kidogo, mpite wanakopita na saa wanazopita: asubuhi watoto wakienda shule, kisha giza likishaingia. Mchana hamtaona kwamba mti umeziba taa, wala kwamba wanawake huzunguka mbali kukwepa ukuta mrefu usio na dirisha hata moja. Awemo mtu wa kiti cha magurudumu, na watoto wawemo. Mtoto ndiye atakayewaonyesha kuwa gari lililoegeshwa karibu na kivuko linamzuia asione magari yanayokuja. Sisi watu wazima tunaona juu ya boneti, hatulijui hilo.

Waulizeni: "Ni wapi ulikoswakoswa?" Takwimu za polisi huhesabu waliogongwa. Waliokoswa hawamo, na walioacha baiskeli kwa woga hawamo kabisa. Hao walioacha ndio mimi huwatafuta kwa bidii zaidi, kwa sababu njia inajengwa ili warudi. Tazameni pia vijia vilivyochongwa na nyayo kwenye nyasi: hapo watu wameshachora wanachotaka.

Atatokea wa kusema kikomo cha mwendo wa kilomita 30 kwa saa kinachelewesha. Mwelezeni bila kumkebehi. Breki zikishakanyagwa, gari lililokuwa kwenye 50 huhitaji karibu mara tatu ya umbali wa lile la 30 ili lisimame. Azimio la Stockholm la 2020, lililotoka kwenye mkutano wa dunia wa mawaziri kuhusu usalama barabarani, lilitaka 30 iwe kikomo pale magari yanapochanganyika na waenda kwa miguu na baiskeli. Na wanaodai wananchi hawajui mambo ya barabara, wakumbusheni Uholanzi: wazazi walioandamana miaka ya 1970 kupinga vifo vya watoto barabarani walichangia sana kuigeuza nchi ile kuwa ya baiskeli.

Kabla ya zege, jaribuni kwa rangi na koni kwa majuma kadhaa. Wenye maduka huogopa kupoteza maegesho, na hofu hiyo ni ya haki. Haiondoki kwa hotuba. Wapeni wao kazi ya kuhesabu wapita njia na wateja, kabla na wakati wa jaribio. Mtu hakatai hesabu aliyoifanya mwenyewe.

Halafu rudini na majibu, hata yasiyopendeza. Bandikeni pale pale mtaani kila pendekezo lililotolewa, lipi limekubaliwa, lipi limekataliwa na kwa nini, na nani anafuatilia. Mkinyamaza miezi sita, msiwalaumu wakigoma kuja mara ya pili.